Kusini tena: kurudi bweni na Muhaya wangu

Alhamisi, Dar – Lindi

Tiketi imeandikwa saa kumi na mbili, basi limetoka Mbagala Rangi Tatu saa moja kasoro, kwa sisi wa kusini hilo limewahi. Tumekaa siti ya watu watatu, mi dirishani, Muhaya wangu katikati, binti yake pembeni na hedifoni masikioni. Nimwite hivyohivyo Muhaya, mwenyewe hana neno, ndo jina lake toka tuko fomu wani 1981 na yeye mpaka leo ananiita Mmwera wakati mama yangu Mmakonde na hilo analijua vizuri sana. Safari ni wazo lake, kastaafu, akasema kabla magoti hayajagoma anataka akaione shule. Shule yenyewe sitaitaja jina maana kuna mambo ntayasema. Ijulikane tu ni ya bweni, ya wasichana, upande wa Masasi, ya wamisheni, serikali ikaichukua 1970 kama ilivyochukua zingine, sisi tukaikuta haina mzungu hata mmoja ila ratiba ya wazungu iko palepale ukutani.

Daraja la Mkapa tumelipita nusu ya basi wamelala. Binti hakuinua kichwa na simlaumu, mita 970 basi linazimaliza hujamaliza kupiga miayo. Muhaya yeye alisimama kabisa, konda akamwambia mama kaa chini utaanguka, akamjibu mwanangu niache, hapa nimeshalala mimi. Kabla ya hili daraja kufunguliwa 2003 palikua na pantoni ya Ndundu, na enzi zetu serikali ilikua inapanga watoto popote ili tuchanganyike, umefaulu darasa la saba Bukoba unajikuta Masasi, wa Lindi kapelekwa Tabora, mnapewa waranti, karatasi ya serikali ya kusafiria, mnaambiwa safari njema. Yeye na waranti yake alipanda MV Victoria usiku kucha mpaka Mwanza, Mwanza treni mpaka Dar, akafikia kwa mtu wa kijijini kwao Magomeni, kisha lori mpaka Ndundu, na pale ukikuta pantoni mbovu unalala mchangani, tranka ndo mto, mbu wa Rufiji wanakusindikiza mpaka asubuhi. Umri miaka kumi na nne. Likizo ya Pasaka hakwenda kwao hata mara moja miaka yote minne, masika barabara ilikua haipitiki na hata ingepitika angefika Bukoba siku ya kugeuza.

Binti akatoa hedifoni sikio moja: "Sasa likizo ulikua unabaki na nani?"

"Na wenzangu wa Bukoba, wa Musoma na wa Kigoma. Na kunguni."

Somanga tukanunua samaki wa kukaanga dirishani, wa moto, wamefungwa kwenye gazeti. Hapa ndo Mei 2024 kimbunga Hidaya kilikata barabara, wa Dar wakabaki Dar na wa kusini wakabaki kusini, nilipoona zile picha kwenye simu nikampigia Muhaya nikamwambia Ndundu imerudi.

Lindi tumeingia saa kumi. Tumefikia kwa mdogo wangu Mikumbi, wali wa nazi na pweza, Muhaya kala pweza vizuri tu siku hizi, ila bado anamgeuzageuza kwanza kama anamkagua pasi.

Ijumaa, Lindi – Masasi

Mdogo wangu katutafutia Noah na kijana wa kuendesha. Wakati tunapakia mabegi nikaliona lile tranka langu uani, kalifanya la kuwekea pumba za kuku, bati limeliwa na chumvi ya Lindi lakini jina langu bado linasomeka, rangi nyeupe, herufi kubwa, aliandika baba kwa brashi ya kunyolea. Alinichongeshea kwa fundi bati hapahapa mjini. Orodha ya vifaa ilikuja na barua ya kuchaguliwa: jembe na mpini wake, fyekeo, ndoo, sahani na kikombe vya bati, shuka mbili nyeupe, blanketi, kandambili, raba za michezo, sabuni miche mitano. Hapo kwenye sabuni mama alicheka mpaka akakaa chini. 1981 sabuni miche mitano unaipata wapi, vita ya Kagera imeisha juzi, duka la kijiji lina chumvi na viberiti, vitenge mpaka upange foleni na kadi. Nilikwenda na mche mmoja umekatwa vipande, na shuleni nikajifunza kufulia majani ya mpapai, yanatoa povu kidogo na nguo inabaki na harufu ya ajabu, lakini mkinuka wote hakuna anayemnusa mwenzake.

Lindi mpaka Masasi ni kilomita kama 140, leo ni lami, Mingoyo, Mtama, Nyangao, Ndanda, hujachoka umefika. Zamani tulipanda lori la chumvi kutoka Lindi asubuhi, juu ya magunia, tukishuka Masasi magharibi sisi na nguo na nywele vyote rangi moja, vumbi jekundu. Wavulana wa shule za jirani walikua kwenye lori hilohilo na nadhani ndo maana hatukuona mbali.

Ndanda tulisimama kunywa chai. Wabenediktini walihamia hapa 1906 baada ya misheni yao ya Nyangao kuchomwa kwenye Majimaji, na hospitali yao ndo iliyokua ya mwisho kwetu, mtu akizidiwa malaria anapakiwa kwenye trekta la shule mpaka barabara kuu halafu anaombewa lifti. Mi nililazwa fomu tuu. Ninachokumbuka ni shuka. Zilikua zimepigwa pasi. Nilikaa siku zaidi ya nilizotakiwa kwa kumwambia sista kichwa bado kinagonga, na maji ya kunywa yalikua ya bomba, unafungua tu yanatoka, hukuulizwa umeteka ndoo ngapi.

Masasi tumeingia mchana, joto la kuomba toba. Yale mawe makubwa bado yapo (yaende wapi), mji umeyazunguka mpaka nyuma. Gesti yetu iko chini ya moja. Binti kapiga selfi nalo.

Jumamosi, shuleni

Mwalimu wa zamu alitupokea vizuri sana, tukasaini kitabu cha wageni, akatuachia wasichana wawili watutembeze. Wakatuamkia kwa pamoja, sauti moja, tukajibu kwa sauti moja pia bila kupanga.

Kitu cha kwanza Muhaya alichouliza ni kengele. Ipo. Kipande cha reli kinaning'inia kwenye mwembe, kinagongwa kwa nondo. Tuliambiwa enzi hizo kimetoka kwenye ile njia ya treni ya mradi wa karanga, waingereza walijenga kuanzia mwishoni mwa miaka ya 40 kati ya Mtwara na Nachingwea, karanga zikagoma, reli ikang'olewa mwanzoni mwa miaka ya 60, na vipande vyake ukivitafuta utavikuta kusini nzima, vingine ni nguzo, vingine daraja la mfereji. Chetu kilikua kinagongwa saa kumi na moja na nusu alfajiri. Mchakamchaka, giza bado, nyimbo za kumtukana Idi Amini wakati keshakimbia nchi zamani, halafu bondeni kuteka maji. Ndoo ya kwanza ya jikoni, ya pili yako, na ya pili hiyo ndo unaogea, unafulia, unadekia sehemu yako ya bweni. Kisima kiangazi kama hiki kinatoa kikombe kikombe. Unakaa mstarini mpaka saa nne usiku, na ukishapata ndoo unailaza chini ya kitanda umeifunga kwa mnyororo na kufuli. Nasema kweli, mnyororo. Rafiki yako wa kufa na kuzikana anakuibia maji na asubuhi mnakwenda kanisani pamoja.

Sasa kuna bomba, lakini wasichana wanasema maji yanatoka mara mbili kwa wiki na tenki limepasuka. Muhaya akanitazama. Hili tenki ndo limekua hoja kwenye grupu letu la wasapu toka mwezi wa sita, watu wanaahidi tu.

Bweni letu lina vitanda vya dabodeka sasa. Nilimwonyesha binti pale nilipolala, cha tatu kutoka mlangoni, na Muhaya cha nne. Njuka, yaani mgeni wa fomu wani, analala karibu na mlango kwa sababu ndo anatumwa. Fomu foo analala mwisho, dirishani, anapata upepo, anapelekewa uji kitandani siku ya Jumapili na njuka wake aliyepangiwa. Inspeksheni Jumamosi kama leo: matroni anapita na kidole, anapangusa juu ya tranka, anakitazama kidole, anakutazama wewe. Kuna vitu havikuonekana kwenye inspeksheni. Vile vitambaa vya hedhi, vipande vya khanga kuukuu, ilikua aibu kuvianika kamba moja na nguo zingine kwa hiyo vilianikwa chini ya godoro, havikauki, unavaa hivyohivyo na ubichi wake unakwenda darasani unajibu maswali ya jiografia. Hili nalo kwenye grupu halisemwi.

Binti aliuliza tulikua tunakula nini, mama yake akaanza kuhesabu kwa vidole: uji wa chumvi maana sukari hakuna, ugali wa makopa, ugali wa unga wa njano wa msaada tulioubatiza yanga, bulga, na mbaazi. Mbaazi, mbaazi, mbaazi. Zile zenye wadudu unazipepeta juu juu ukifika mwisho wa sahani unaacha kuangalia. Ndo maana tuliiba korosho.

Shamba la mikorosho la shule bado lipo nyuma ya mabweni, tukaenda, mwezi huu wa kumi mabibo yako chini yanachachuka na nzi wake. Elimu ya kujitegemea: sisi tunapalilia, sisi tunaokota, magunia yanakwenda kuuzwa, atakayekula moja ni mwizi wa mali ya umma. Muhaya alikua hajawahi kuona korosho maisha yake yote, wiki ya pili tu akaiokota akaing'ata mbichi, na ganda lake, kwa meno. Mafuta ya ganda la korosho yanaunguza, mtoto wa kusini anajua hilo kabla hajajua kusoma. Midomo ilivimba ikachubuka mpaka kidevuni, akawa analia hata uji haupiti, na mi ndo niliyempaka mafuta ya nazi nilikua nayo kwenye kichupa. Urafiki wetu umeanzia hapo hapo mdomoni.

Baadae nikamfundisha. Bati kuukuu limetobolewa matundu kwa msumari, mafiga matatu, nyuma kabisa ya shimo la taka, jioni upepo ukitoka shuleni kwenda porini. Korosho zinaanza kutoa jasho, afu zinatema mafuta, afu bati zima linashika moto na moshi mweusi mzito, hapo usikimbie, geuza na kijiti kirefu, na zikishakua makaa pindua bati chini, mwagia mchanga. Unabangua na jiwe moja juu ya lingine, unagonga ubavuni usigonge tumbo, kiini kinatoka kizima, cha moto, na mikono yako imekua ya fundi gereji. Kinachobaki ni ushahidi. Jumatatu paredi matroni anapita mstari kwa mstari, "fungua mdomo", mwenye weusi pembeni mwa midomo anakwenda kung'oa kisiki. Siyo fimbo, kisiki. Cha mwembe. Unachimba mizizi wiki mbili baada ya vipindi na kisiki kinakuangalia tu. Tulimwonyesha binti shimo la kisiki cha mama yake, walipanda mjakaranda, umeshakua mti mzima.

Na yeye Muhaya alikuja na senene, kopo zima la maziwa ya unga, wamekaangwa kwao wakakaushwa. Bweni lilipiga kelele utadhani nyoka kaingia. Panzi! Watu wanakula panzi! Yeye akanyamaza, akasubiri mpaka kiangazi wasichana wa Newala na Tandahimba walipoletewa na ndugu zao samaki nchanga, panya wa porini wa kubanikwa, na mkia wake, akasimama juu ya kitanda akasema sasa nani mshenzi humu ndani. Fomu foo tulikua tunabadilishana, senene konzi moja kwa panya mmoja. Mi senene nawapenda mpaka kesho.

Aprili 1984 tuko darasani jioni ya prepo, tunajisomea, mwalimu akaja kutuita wote verandani kwa mkuu wa shule, redio ya betri, betri zenyewe zilianikwa juani mchana zipate nguvu, Mwalimu Nyerere anatangaza Sokoine amefariki kwa ajali ya gari. Wasichana wa Arusha walianza kulia, halafu sote. Sidhani kama wengi wetu tulijua vizuri waziri mkuu anafanya nini, tulichojua ni kwamba mwaka uliopita alipowabana wahujumu uchumi tuliletewa sabuni shuleni.

Hapo tulipokaa kwenye ngazi za bwalo binti akasema, bila ubaya, "Mbona mnalisifia gereza?"

Kwenye grupu kila wiki lazima kuna mtu anaandika sisi tulipikwa tukapikika, watoto wa siku hizi hakuna kitu. Kaka zetu na dada zetu wa shule zote za zamani wanaongea hivyohivyo, na mi nilikua naweka vidole gumba. Lakini tukiwa tumekaa pale Muhaya akaniuliza kitu ambacho sikutegemea: "Yule wa hesabu, unamkumbuka?"

Namkumbuka. Alilala kitanda cha pili. Fomu tuu na fomu thrii hakuna aliyempita kwenye hesabu, mwalimu akikwama ubaoni anamtazama yeye. Kila mwanzo wa muhula matroni alikua anatupanga foleni bweni la wagonjwa, unalala, anakubonyeza tumbo, unavaa, anayefuata. Januari tuko tunaingia fomu foo akambonyeza yule akarudia mara ya pili. Saa sita mchana hakuwepo tena. Tuliona kupitia dirisha la darasa, anatembea kwenye ile barabara ya mikorosho anakwenda njia kuu, na tuliambiwa tusome. Aliyempa mimba hakuulizwa na mtu. Jina lake lilikatwa kwenye rejista kwa rula, mstari umenyooka, niliuona kwa macho yangu maana mi ndo nilikua monita. Miaka arobaini na kitu grupu lina picha za kila mtu, waliokufa tumewawekea mishumaa, yeye hajatajwa hata siku moja.

Binti akasema siku hizi wanaruhusiwa kurudi, toka Novemba 2021 serikali ilipotangaza. Tunajua, tukamwambia. Hatukuongea sana baada ya hapo, tukaenda kununua maembe mabichi ya chumvi kwa wale mama wa getini.

Jumapili, Masasi – Newala

Baada ya ibada tumekwenda kumtafuta mpishi wetu, kijiji cha jirani na shule. Tulielekezwa na mtu wa bodaboda aliyecheka, "yule babu wa mwiko?" Yuko hai, jicho moja limeingia mtoto wa jicho, lingine linaona, kakaa kwenye kiti cha uvivu chini ya mwembe anachambua mbaazi. Mbaazi! Muhaya akanibana mkono nisicheke.

"Shikamoo baba."

"Marahaba wanangu. Nyie ni wa mwaka gani?"

Tukamwambia. Majina yetu hayakumwambia kitu, ila akataja yeye mwenyewe mwaka ule unga ulivyokua, debe ngapi kwa siku, siku gani lori la unga halikuja wakapika bulga asubuhi mpaka usiku. Alikua anasonga ugali kwa mwiko mrefu kuliko sisi, amesimama juu ya jiwe, jasho linadondoka na hakuna aliyelalamika chumvi. Sisi wa zamu ya kuosha masufuria tulikua tunapigania ukoko, na tulijiona wajanja kwelikweli kwa sababu tuliukwangua akiwa amegeuka. Mzee akatuambia, bila hata kutabasamu, kwamba alikua anaacha moto mkubwa mwishoni makusudi ushike. Mkuu wa shule alimuita mara mbili kumuuliza kwa nini anaunguza unga wa serikali, akajibu kuni za mninga zina moto mkali.

Muhaya ndo akauliza habari za yule wa hesabu. Mzee akaweka ungo chini. "Sanduku lake nilibeba mimi mpaka barabarani. Mtoto hawezi kubeba sanduku na tumbo." Kumbe tulipoambiwa tusome yeye alitoka mlango wa nyuma jikoni akamkuta mbele. Anajua alipo, yuko upande wa Newala, kila msimu wa korosho anamtumia salamu na watu wa magari. Akatoa namba, imeandikwa kwa mkaa ukutani.

Tulimwachia sukari, sabuni, shuka na hela tuliyokua nayo mkononi, na binti akachukua taarifa zake zote za jicho, kuna watu anawafahamu wanaopasua macho. Malipo yake ya uzeeni aliyazungushiwa miaka mpaka akaacha kufuatilia, hilo alilisema kama habari za mvua.

Barabara ya Newala bado wanajenga, zile kilomita 160 za Mnivata – Newala – Masasi, kwa hiyo unakula vumbi, unakula lami kidogo, unarudi kwenye vumbi. Kijiji chenyewe tumekifikia alasiri. Tulimpigia simu njiani, akasema njooni ila nina kazi.

Na kweli alikua na kazi. Uani turubai mbili zimejaa korosho zinaanikwa, yeye amekaa katikati na wasichana watatu wanachambua, daraja la kwanza huku, la pili kule, mbovu kwenye ndoo. Mama mnene, miwani, kalamu sikioni. Hakusimama kwanza. Alitutazama mmoja mmoja, akamwonyesha Muhaya kidole: "Wewe ndo wa midomo." Hapo ndo tukakumbatiana, sote watatu, na korosho zikamwagika.

Hakurudi shule. Mtoto alizaliwa Juni 1984, ni fundi umeme Mtwara sasa, kamletea wajukuu. Yeye ni mwandishi wa chama cha msingi cha wakulima wa korosho toka hata sijui lini, kila kilo inayoingia ghala anaijua, na mfumo wa stakabadhi ghalani, unaacha korosho ghalani unapewa karatasi, ulipoletwa 2007 alikua anawasomea wazee zile karatasi usiku kwa usiku. Mwaka 2018 jeshi lilipokuja kununua korosho kwa shilingi 3,300 kilo alikaa nao mezani, anasema vijana wazuri, wanapiga hesabu polepole. Kangomba anawachukia kwa roho yake yote, wale wanaokuja njaa ikikaza wanampa mtu bakuli ya mchele kwa korosho ambazo hazijatoka hata maua. Aliongea yote hayo huku mikono inachambua. Hatukujua tuulize vipi lile jambo lingine, akaliingia mwenyewe.

"Mlikua mnaniangalia dirishani. Niliwaona. Nilikua nahesabu mikorosho nisilie, kushoto sitini na moja, kulia sitini na nane."

Muhaya akaanza kuomba samahani, akamkata: "Ungefanya nini wewe, una miaka kumi na saba, kwenu Bukoba." Halafu: "Hilo grupu lenu mmeniweka?"

Tumelala Newala mjini. Binti anasema mama yake kaongea usingizini, Kihaya.

Jumatatu, Newala – Mtwara

Asubuhi tulikwenda Shimo la Mungu, mtu akifika Newala haachi kwenda, ukingo wa nchi ya juu unakatika ghafla chini yako na bonde linakwenda mpaka Ruvuma na Msumbiji ng'ambo. Upepo mzuri. Binti kapiga picha nyingi kuliko safari nzima.

Tandahimba, Nanyamba, kila kijiji magunia ya korosho yako barabarani, na pembeni wanauza ming'oko, mizizi ya porini, ya kuchemsha, nimenunua ya kutosha maana Dar hakuna. Mnivata lami ikaanza, watu wote kwenye gari tukashusha pumzi.

Saa saba Muhaya, ambaye ni admini, akamwingiza yule kwenye grupu. Akaandika tu: karibuni mwenzetu, kitanda cha pili kutoka mlangoni. Kimya. Dakika tano nzima grupu la watu themanini hakuna anayeandika, tunaona wanasoma tu. Kisha mmoja, simtaji, aliyekua kiranja mkuu wetu, akatuma picha ya paredi ya 1983 na yale maneno yake, tulipikwa tukapikika. Mgeni akajibu kwa sauti, sekunde chache tu, tukaiweka kwenye spika ya gari: "Mimi nilitolewa jikoni mbichi dada, lakini hamjambo?"

Basi hapo lilifumuka. Wengine wanalia, wengine wanaomba radhi, wengine wanaanza kutaja: na yule wa bweni la Kilimanjaro, na yule mdogo wake nani, na yule wa fomu tuu aliyekua anaimba kwaya. Tukazungukia Mikindani, na kufika pale yalikua majina sita. Dereva wetu ikabidi asimame, tukashuka chini ya mbuyu, tukakaa na simu. Livingstone aliondokea hapa 1866 kwenda bara na binti alitaka kuona boma la Wajerumani, akaenda peke yake.

Kiranja mkuu akanipigia mimi pembeni. Anaona tumeharibu hali ya hewa ya grupu, mambo ya zamani yaachwe, tuzungumze tenki. Nikamwambia tenki tunalizungumza, na huyu mpya ndo atashika hesabu za mchango, wengine wote tumeshindwa toka mwezi wa sita. Alikaa kimya kidogo akasema atafikiria. Hajatoka kwenye grupu, nimeangalia.

Jumanne, Mtwara

Tumekula samaki feri, tumeangalia kivuko cha Msangamkuu kinakwenda na kurudi, Muhaya kanunua korosho za kubanguliwa kilo kumi za kupeleka Bukoba na kabishana bei kwa Kimakonde alichojifunza bwenini, maneno matatu, mawili ni matusi, muuzaji kacheka kampunguzia. Ndege yao ya Dar ni saa tisa.

Mchango umefunguliwa jana usiku. Mwandishi mpya wa fedha katuma utaratibu wenye vipengele tisa, kila anayeahidi anaandikwa na tarehe, asiyelipa jina linasomwa Ijumaa. Hela ya jicho la mzee ina mstari wake peke yake, haichanganywi na ya tenki. Watu kumi na nne washalipa kabla ya chai. Mi na Muhaya tumelipa, tunamdai binti.